Nani Kakutuma Uue Wakati?

Juzi kijana mmoja wa Kenya, namaanisha komini yetu hapa Lubumbashi wala si nchi, aliniandikia: "Yaya, mkubwa wangu, nikiandika mambo ya starehe yanatoka makavu. Nifanye nini?"

Nilicheka, kisha kidonda cha zamani kikaamka. Niliwahi kupeleka kisa redioni: Jumapili ya baba mdogo kule Kamalondo, chini ya mwembe, kikombe cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, mchezo wa dama. Nilijiona nimeshafika. Mtangazaji akasoma ukurasa wa kwanza mimi nikiwa wima mlangoni, akauliza, "Huyu mzee wako ameua wakati mara ngapi? Mimi nimehesabu nne." Akanirudishia karatasi zangu. Hata kiti sikupewa.

Alisema kweli, ingawa kiti angenipa tu. "Kuua wakati" tumeiokota kwenye Kifaransa cha shule. Baba mdogo hajawahi kuua kitu. Akitoka, anakwenda kupunga upepo. Akichelewa, masolo, yaani mazungumzo, yamemkamata. Na kwenye dama ndiyo usiseme! Wanachezea vifuniko vya chupa za bia, vya Simba upande wake, vya Tembo upande wa jirani. Kifuniko chake kikiruka cha mwenzake, anakiokota kile kilichorukwa kwa kidole gumba na cha shahada, anakipuliza vumbi kama karanga, anasema, "Simba amekula tembo, na bado ana njaa." Yote hayo niliyasikia kwa masikio yangu nikayaacha palepale, nikaenda kuandika "ameua wakati". Aibu.

Basi ndugu yangu, kaa na wachezaji, usikilize midomo yao. Wacheza bao wa Zanzibar wana kete 64, na kete hizo zinakula, zinatakata, zinalala, tena zina nyumba. Unafikiri maneno hayo yalitungwa na mtu aliyejifungia chumbani na kamusi? Sikiliza. Nasema tena, sikiliza! Vijana wa siku hizi mnataka kusomwa kabla hamjasikia. Mnaandika mmevaa vidude masikioni, halafu mnalalamika maneno ni makavu.

Kisa nilikiandika upya. Redioni sikurudi, moyo ulikataa. Nilimsomea baba mdogo mwenyewe palepale chini ya mwembe. Alisikiliza huku macho yako ubaoni, akasukuma kifuniko kimoja, akasema, "Rudia pale nilipokula wawili. Huyu jirani hakusikia vizuri."