Sherifu Akisema Hatakukamata, Usimwamini: Yaliyonikuta na Bastola ya Dola 400

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia WhatsApp usiku wa manane. Ni Mkongo wa Uvira, amekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, sasa ana mwaka wa tatu hapa Colorado, Marekani, na anafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Kuna jamaa kazini anauza bastola, bei poa. Anasema tusihangaike na mambo ya dukani, maana sherifu wa kwetu alishatangaza kwamba hiyo sheria ya kumkagua mnunuzi haifuatilii. Wewe ni mwenyeji, unaonaje?"

Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2016, kwenye maegesho ya magari, na mtu niliyekuwa nakula naye kila siku wakati wa mapumziko ya zamu. Nikamwamini. Nilimjibu kijana kwa kifupi: "Usinunue. Nitakueleza." Naeleza hapa ili na wengine mpate, kwa sababu najua wengi wenu mnataka kile nilichokitaka mimi: kazi nzuri, nyumba, uraia, na familia inayolala bila hofu.

Kwanza muelewe sherifu ni nani, hasa ninyi mliofika juzi. Kwetu Tanzania, OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, hapigiwi kura na mtu. Anapangiwa kituo na makao makuu, na akihamishwa anafunga mizigo anaondoka. Sherifu wa Marekani, mkuu wa polisi wa kaunti, karibu kila mahali ni mtu wa kuchaguliwa. Anapiga kampeni, anaweka mabango barabarani, anasalimiana na watu kwenye maonyesho ya ng'ombe. Kwa hiyo akisimama kusema "sheria hii siitekelezi", jua kuna wapiga kura wanaomsikiliza, na ni hao anaozungumza nao. Mimi wakati ule hata kura sikuwa nayo.

Colorado jambo hili lilipamba moto mwaka 2013. Mwaka mmoja kabla, tarehe 20 Julai 2012, mtu alikuwa ameingia kwenye jumba la sinema mjini Aurora akaua watu 12. Desemba yake yakatokea mauaji ya watoto wa shule ya Sandy Hook kule Connecticut. Bunge la jimbo likapitisha sheria, Gavana John Hickenlooper akazisaini Machi 2013, na zikaanza kazi 1 Julai. Moja ilipiga marufuku kuuza magazini zinazobeba zaidi ya risasi 15. Nyingine ilisema hata watu wawili wakiuziana bunduki mitaani, lazima wapite kwa muuzaji mwenye leseni, mnunuzi akaguliwe rekodi zake kwanza. Masherifu 55 kati ya 62 wanaochaguliwa wakaenda mahakamani kuzipinga. John Cooke, aliyekuwa sherifu wa Kaunti ya Weld, alisema waziwazi kuwa hatazitekeleza. Wabunge wawili wa seneti ya jimbo, John Morse na Angela Giron, waling'olewa kwa kura Septemba mwaka huo huo kwa sababu ya sheria hizo.

Sitaki kumdharau mtu. Masherifu walikuwa na hoja, tena hoja yenye uzito: nitajuaje kuwa jirani kamuuzia jirani bunduki ghalani kwake, saa mbili usiku, hakuna karatasi wala shahidi? Nina maafisa wachache na maili nyingi za barabara ya vumbi. Askari yeyote duniani anachagua afuatilie lipi na aache lipi. Hilo nalielewa. Nilichokuwa sielewi ni kwamba uchaguzi ule ni wake peke yake, mimi haunihusu.

Basi nirudi 2016. Nilikuwa natoka kazini saa nane usiku. Magari matatu yalikuwa yamevunjwa vioo kwenye maegesho yetu ndani ya mwezi mmoja, na mke wangu alikuwa mjamzito. Nilikuwa na grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), sina kosa hata la kuegesha vibaya. Kununua bastola dukani niliruhusiwa kabisa. Naomba mlikumbuke hilo: ningeweza kwenda dukani, nikajaza fomu, nikatoka nayo kihalali. Nilichokimbia ni usumbufu wa siku moja. Jamaa akanionyesha Glock 19 iliyofungwa kwenye taulo, akataja dola 400. Nikamuuliza, "Na ile sheria ya kukaguliwa?" Akacheka. "Sherifu wetu hana muda na hiyo. Alisema kwenye mkutano, kila mtu alimsikia." Na ni kweli alikuwa amesema. Nikatoa hela.

Miezi saba haikutokea kitu. Katika miezi hiyo nikaacha kiwanda, nikapata kazi ya ulinzi, sare na beji, mshahara umepanda. Nilijiona nimefika.

Kisha usiku mmoja nikavuka kwenda mji wa kaunti ya jirani kumchukua shemeji uwanja wa ndege. Taa ya nyuma ya gari ilikuwa imeungua, sijui tangu lini. Polisi wa mji ule wakanisimamisha. Niliweka mikono kwenye usukani kama tulivyofundishwa wote. "Una silaha garini?" Nikasema ninayo, nikamwonyesha kwa macho ilipo. Kuwa na bastola garini kwa kujilinda si kosa Colorado, kwa hiyo nilikuwa na amani moyoni. Akaichukua, akasoma namba zake redioni. Nilimwona kwenye kioo akisimama wima ghafla. Bastola ilikuwa imeripotiwa kuibwa, jimbo jingine kabisa.

Nililala mahabusu. Shemeji yangu alilala uwanja wa ndege.

Nilipohojiwa nilimtaja sherifu. Hadi leo naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilimwambia mpelelezi, "Kwetu sherifu alisema sheria hiyo haifuatwi." Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyesema mbwa amekula daftari. Akanijibu kwamba sherifu huyo hana mamlaka pale, na hata huko kwao hajafuta sheria yoyote, maana sherifu hafuti sheria. Alisema kwa upole. Ningeona afadhali angefoka.

Kazi ya ulinzi niliipoteza wiki ile ile. Wakili alitaka dola 3,500 kabla hajafungua faili. Mwaka mzima nilikaa nikisubiri mwendesha mashtaka aamue. Kilichoniokoa ni ujumbe wa simu niliouhifadhi, ambamo muuzaji anataja bei na mahali pa kukutania, ikaonekana sikujua kuwa ni ya wizi. Mwendesha mashtaka akaamua kutonishtaki, hata kwa lile la kununua bila kukaguliwa. Kwa hiyo nami nimeokolewa na hiari ya mwenye mamlaka, siwezi kujifanya sijui. Angeweza kuamua vingine, na sheria ingekuwa upande wake.

Jamaa aliyeniuzia? Alibadilisha namba. Hajanipigia hadi leo.

Na hili nalisema kwa sababu bado linaniuma. Mwenzangu mwingine wa zamu, Mzungu, mzaliwa wa pale, aliwahi kusimamishwa na afisa wa sherifu naye akamwambia afisa huyo kwa mdomo wake kuwa bunduki iliyo nyuma kainunua kwa jirani bila karatasi. Aliambiwa aendeshe salama. Simlaumu yeye. Lakini wewe mwenye lafudhi ya Kigoma au Bukavu, unapohesabu hiari ya askari kama ulinzi wako, jiulize hiari hiyo ilimlenga nani ilipotamkwa.

Kuna kesi moja ya hapa hapa Colorado ambayo kila mhamiaji angepaswa kuijua. Mwaka 1999, mjini Castle Rock, mama mmoja alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mume waliyetengana asimkaribie. Mume akawachukua binti zao watatu. Mama akawapigia polisi tena na tena, akaenda hadi kituoni, akaambiwa asubiri. Mume alinunua bunduki jioni ile. Alfajiri alifika kituo cha polisi akifyatua risasi, akauawa, na watoto wote watatu wakakutwa wamekufa garini. Sheria ya Colorado ilikuwa inasema kwa lugha ya lazima kwamba mtu anayevunja amri kama ile akamatwe. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 7 kwa 2, ikasema mama hana haki ya kikatiba ya kuwalazimisha polisi waitekeleze amri hiyo. Yaani hata palipoandikwa lazima, askari alibaki na hiari yake.

Sasa fikiria. Kama mama yule hakuweza kumdai askari atekeleze amri ya mahakama, wewe utamdai vipi sherifu atimize maneno aliyosema kwenye mkutano? Tunasema ahadi ni deni. Deni hili hakuna mahakama utakayolipeleka. Sherifu anaweza kubadili mawazo kesho asubuhi, anaweza kushindwa uchaguzi, na wewe unaweza kuvuka barabara tu ukawa kaunti nyingine.

Lililonisumbua zaidi lakini halikuwa mahabusu, lilikuwa fomu. Nilipoomba uraia, fomu ya N-400 ilikuwa na swali linalouliza kama umewahi kutenda kosa lolote ambalo hukukamatwa kwalo. Umewahi, tangu uzaliwe. Hapo ndipo maneno ya sherifu yanapoisha nguvu kabisa, maana swali haliulizi kama kuna mtu alikufuatilia, linauliza kama ulitenda. Ukidanganya, umeongeza kosa la pili kubwa kuliko la kwanza. Niliandika ukweli wote, kukamatwa na kununua, nikaenda kwenye usaili na bahasha ya karatasi za wakili. Afisa alisoma kimya muda mrefu. Faili likakaa. Niliapishwa miaka mitatu baada ya wakati niliotarajia, na siku ile nilivaa suti niliyoishonesha Morogoro. Nilistahili kuivaa.

Wengi hamjui kwamba sheria ya uhamiaji ya nchi hii inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama kosa lenyewe jimbo linaliona dogo. Mzaliwa atalipa faini arudi nyumbani. Wewe utarudishwa ulikotoka, na mtoto wako abaki. Na mwenye viza ya masomo au ya matembezi asishike kabisa bunduki wala risasi; sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, inamkataza, ukiacha vighairi vichache kama vya leseni ya uwindaji. Pia bangi: Colorado inauzwa dukani kama soda, lakini fomu 4473 ya kununulia bunduki inakuuliza kama unaitumia, na inakuonya kuwa ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu mbele ya shirikisho.

Nasikia watu wetu siku hizi wanawashangilia masherifu hawa, hata kwenye vikundi vya kanisa, kwamba ni wanaume wanaoisimamia katiba. Mimi siwashangilii. Mwaka 2019 Colorado ilipitisha sheria inayomruhusu jaji kumnyang'anya silaha kwa muda mtu anayeonekana hatari. Ilipewa jina la Zackari Parrish, afisa wa sherifu wa Kaunti ya Douglas aliyeuawa 31 Desemba 2017, na sherifu wake, Tony Spurlock, aliiunga mkono. Sherifu Steve Reams wa Weld akasema yuko radhi aende jela kuliko kuitekeleza. Kaunti ya El Paso ikapitisha azimio la kuipinga. Juni 2021 mtu mmoja alikamatwa katika kaunti hiyo ya El Paso kwa vitisho vya bomu. Hakuna aliyepeleka kwa jaji ombi la kumnyang'anya silaha. Tarehe 19 Novemba 2022 mtu huyo huyo aliingia klabu ya usiku ya Club Q, Colorado Springs, akaua watu watano. Siwezi kusema ombi lile lingezuia. Nasema halikupelekwa.

Sipingi bunduki. Ninayo moja, imefungwa kwenye sanduku la chuma, na karatasi yake ninaiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanangu. Ndiyo maana nawaambia: pitia dukani. Ukiuza, pitia dukani, kwa sababu sheria ile ile ya 2013 inasema uliyemuuzia kinyume cha utaratibu akiumiza mtu, nawe unaweza kudaiwa fidia. Ukinunua, pitia dukani. Wakati ule mwenye duka hakuruhusiwa kutoza zaidi ya dola 10 kwa kazi hiyo; mimi nilikwepa dola 10 nikalipa 3,500. Na fuatilieni sheria mpya iliyosainiwa Aprili 2025: kuanzia 1 Agosti 2026, kwa baadhi ya bunduki za nusu-otomatiki, mnunuzi anatakiwa apate kwanza kadi kutoka kwa sherifu mwenyewe, kisha mafunzo. Msisubiri kuambiwa na mtu wa kazini.

Mdogo wangu wa Uvira, mwambie jamaa yako mkutane dukani Jumamosi saa nne asubuhi, aje na bastola ikiwa tupu, na wewe uje na grinikadi na leseni ya udereva. Asipotaka kuja, rudi nyumbani ulale. Mimi Jumamosi sina zamu. Nitumie anwani ya duka, nitakusubiri mlangoni.