Hujamaliza jembe: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma. Unauliza kama mchoraji anaweza kudumu na maisha ya shamba mpaka uzeeni bila kujirudia, maana mwenye nyumba ya sanaa amekwambia wakulima umeshawamaliza, sasa utafute mada nyingine. Inawezekana, na wapo waliofanya hivyo. Tena sidhani kama huyo bwana anatofautisha mada na picha.

Mtazame Jean-François Millet. Alizaliwa mwaka 1814 katika kitongoji cha Gruchy, Normandy, Ufaransa, akalima na baba yake kabla ya kwenda kusomea uchoraji. Paris alijikimu kwa kuchora sura za watu, na picha za uchi pia, kwani ndizo zilizonunuliwa. Wakulima wakawa kazi yake kubwa alipohamia kijiji cha Barbizon, nje ya Paris, mwaka 1849, akiwa na umri wa miaka 35 hivi, na hakuachana nao hadi alipofariki mwaka 1875.

Sasa ziweke picha zake tatu pamoja. Mpanzi wa mwaka 1850 anashuka mteremko kwa hatua ndefu, mkono umetupwa nyuma, mwili wote uko mbioni. Waokota masazo wa mwaka 1857 ni wanawake watatu: wawili wameinama kabisa, wa tatu kainama nusu. Nyuma yao, mbali, kuna mavuno tele, mikokoteni, na msimamizi juu ya farasi. Wao wameachiwa masuke yaliyodondoka, kama Ruthu katika shamba la Boazi. Umbali ule kati ya migongo yao na yale marundo ndio uliowakera matajiri, ambao hofu ya mapinduzi ya Ufaransa ya 1848 ilikuwa haijawatoka. Kisha yupo mwanamume wa jembe, aliyeonyeshwa mwaka 1863: halimi, ameegemea mpini, mdomo wazi, hana pumzi. Wa kwanza ni mwendo, wa pili ni kuinama, wa tatu ni kuchoka. Mada moja, na hakuna picha inayofanya kazi ya mwenzake. Mimi hiyo ya tatu naipenda kuliko zote, ingawa si nzuri kuitazama.

Andrew Wyeth wa Marekani alikwenda njia nyembamba zaidi. Alichora kwa zaidi ya miaka 70, hadi alipofariki mwaka 2009, na karibu kazi yake yote ilitoka sehemu mbili: Chadds Ford kule Pennsylvania, na pwani ya Maine. Nyumba ya akina Olson huko Maine aliirudia kwa karibu miaka 30. Jirani yake Christina Olson hakuweza kutembea na hakutaka kiti cha magurudumu, akawa anajivuta kwa mikono shambani. Mwaka 1948 Wyeth akamchora kwa mgongo, nyasi nyingi mbele yake, nyumba juu kilimani. Alitumia rangi iliyochanganywa na kiini cha yai, ambayo hukauka upesi na hutaka mistari midogo midogo, karibu jani kwa jani. Mtu wa haraka hawezi kuzichora nyasi zile.

Kwa hiyo usibadili mada kwa sababu umeambiwa. Badili pale ambapo hakuna tena unachotaka kujua, na kwa barua yako sioni kama umefika huko: umeeleza ukurasa mzima jinsi wazee wanavyoshika jembe tofauti na vijana. Hilo hujalichora bado.

Ile picha ya mwanamke na mzigo wa kuni uliyonitumia, usiiuze kwanza. Shingo yake imenyooka kama ya mtu asiyebeba kitu, na kisigino cha nyuma hakikanyagi chini. Beba mzigo mwenyewe, tembea nao, kisha irudie kuanzia miguuni.

Mama yako