Kwa nini mashine ya mionzi na kabati la oksijeni vikae pamoja

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kila idara hapa Dodoma isijinunulie vifaa vyake vya utafiti wa saratani, yaani mashine ya mionzi na kabati la oksijeni, ambalo hutunza seli za majaribio katika kiwango cha oksijeni tunachokitaka. Gharama ni sababu, kwani chanzo cha mionzi huhitaji kuta nene, msimamizi wa usalama na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Lakini sababu nzito zaidi imo katika seli zenyewe. Seli zilizokosa oksijeni huhitaji dozi ya mionzi mara 2.5 hadi 3 ya ile ya seli zenye oksijeni ya kutosha ili zife kwa kiwango kilekile, na ukizitoa kwenye kabati lenye oksijeni asilimia 1 ukazipitisha hewani, yenye asilimia 21, oksijeni hurejea ndani ya dakika chache na jaribio zima huharibika. Ndiyo maana vifaa hivi huwekwa chumba kimoja, au seli husafirishwa katika chombo kilichofungwa kabisa. Nasisitiza pia kwamba mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo mgandamizo wa oksijeni ni mdogo kuliko Dar es Salaam hata asilimia ikiwa ileile, na kila mtafiti anapaswa kuuandika.