Gari limeota ukungu ndani, nifanyeje?

Swali: Fundi shikamoo, gari nililiacha uani hapa Tanga masika yote, juzi nafungua nakuta siti na mkanda vimeota ukungu wa kijani, harufu kama nguo zilizolala mbichi. Nipige jiki?

Jibu: Marahaba. Jiki achana nayo kabisa, itababua kitambaa na mkanda utachakaa. Vaa barakoa, fungua milango yote juani, pulizia siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, iache kama nusu saa ndo usugue na brashi, ufute, ukauke kweli kweli. Ila inua kapeti kwanza, mara nyingi raba ya mlango inavujisha au mpira wa kutolea maji ya AC umeziba, usipozibua utarudi palepale. Filta ya AC nayo badili.