Plagi za kuwashia injini ya Toyota IST: nibadilishe mwenyewe?

Swali: Fundi, IST yangu inatetemeka asubuhi, na plagi sijagusa tangu niinunue. Naweza kuzibadilisha nyumbani? – Msomaji, Mbagala

Jibu: Unaweza, mdogo wangu, ila injini ipoe kabisa. Kichwa chake ni aluminiamu. Ukilazimisha kufungua plagi ikiwa ya moto unaondoka na nyuzi za shimo lake. Spana namba 10 inatoa boliti za koili, zile zinazokaa juu ya plagi na kuzipa umeme. Puliza vumbi shimoni kabla ya kushusha soketi namba 16. Plagi mpya mimi huichomeka kwenye kipande cha mpira wa petroli, nikauzungusha kwa vidole: ikigoma, naitoa naanza upya. Ikigota, nusu mzunguko kwa soketi, basi. Za zamani usitupe kwanza. Ncha ikiwa imelowa oili, tuzungumzie ringi za pistoni, si plagi.