Probayotiki na inflamesheni kwa anayetumia ARV

Ndugu, umeuliza kama probayotiki (bakteria hai wenye faida, wa kumeza) zitashusha inflamesheni (kinga kuwaka mwilini) inayobaki hata virusi visipoonekana kwenye kipimo. Kwa sasa ushahidi ni mdogo. Wazo lenyewe lina mantiki: VVU huua seli nyingi za kinga, za CD4, kwenye ukuta wa utumbo wiki za mwanzo kabisa, na ARV haziurudishi ukuta huo ukawa kama zamani. Vipande vya bakteria hupenya hadi kwenye damu, kinga ikabaki imewaka miaka na miaka, na moyo huumia. Lakini jaribio la A5350 huko Marekani liliwapa watu probayotiki kwa wiki 24, na sCD14, kiashiria cha kinga kuwaka kinachopimwa kwenye damu, hakikushuka kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kupandikiza kinyesi cha mtu mwenye afya (ndiyo, huwekwa ndani ya kapsuli) kumejaribiwa kwa watu wachache tu.

Cha kumuuliza daktari wako ni pitavastatini (dawa ya kushusha kolesteroli), hasa ukiwa na miaka 40 hadi 75: utafiti wa REPRIEVE, 2023, ulionyesha matukio makubwa ya moyo na mishipa yakipungua kwa takriban 35%. Kama CD4 zako ziko chini sana, usimeze bakteria hai kabla ya kuongea naye.