Kijana anauziwa masanduku mengi mno

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: je, vifaa vya hi-fi, yaani vya kusikilizia muziki kwa ubora wa juu, vya kuanzia bado viko ndani ya uwezo wa kijana? Najua wengi watawajibu kwamba haviko, bei zimepaa. Mimi nasema viko, tena kwa ubora ambao wazazi wake hawakuupata kwa fedha za kiwango hicho. Kinachomshinda ni ile orodha anayokabidhiwa mlangoni: amplifaya, DAC (sehemu inayogeuza tarakimu za faili kuwa mawimbi ya umeme), mashine ya kuchezea muziki, spika, stendi zake, nyaya, na kila kimoja kiwe "cha heshima". Akijumlisha anakata tamaa, ananunua spika moja ya Bluetooth ya kubeba mkononi, na hatumwoni tena.

Wakongwe wa fani hii hupenda kuikumbuka NAD 3020, amplifaya iliyotoka mwaka 1978. Erik Edvardsen aliisanifu ikiwa na wati 20 tu kwa kila upande na sura isiyo na mbwembwe, lakini ilikuwa na uwezo wa kusukuma spika zinazodai nguvu nyingi kuliko namba zake zilivyodokeza. Ilinunuliwa na watu wengi kupita kiasi, wakiwemo wanafunzi. Hadithi hiyo husimuliwa kwa majonzi, kana kwamba zama zile zimepita. Zimepita kweli, ila kwa upande wa bei zimepita kwa heri.

Amplifaya za wakati ule zilipoteza umeme mwingi kwa joto. Ndiyo maana zilihitaji transfoma nzito, mapezi ya alumini ya kupoza na sanduku kubwa la chuma, na gharama kubwa ilikuwa humo. Amplifaya ya aina ya kisasa iitwayo daraja D huwasha na kuzima transista zake mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na ikifanya kazi kwa nguvu hufikisha takriban asilimia 90 ya umeme kwenye spika. Joto likipungua, chuma kinapungua, na bei inashuka. Leo kifaa kinachoenea kiganjani kinaendesha spika za chumba cha kawaida bila kutoa jasho.

DAC nayo imefika hukohuko. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, sauti yake ikiwa imeandikwa kwa tarakimu zilizopimwa mara 44,100 kwa sekunde, kuzigeuza tarakimu hizo vizuri ilikuwa kazi ya mashine ghali. Sasa kuna adapta ya Apple ya kuchomeka kwenye simu, fupi kama kidole, ambayo ikipimwa kelele na upotoshaji wake hushuka chini ya kile ambacho sikio linaweza kukinasa ndani ya muziki. (Kwenye baadhi ya simu za Android sauti hutoka ndogo, kwa hiyo ijaribuni kabla ya kulipa.) Anayemwambia kijana kwamba hatasikia muziki wa kweli mpaka anunue DAC ya pekee anamwibia fedha za spika.

Ushauri huo una historia. Miaka ya 1970 Ivor Tiefenbrun wa Linn, kampuni ya mashine za santuri kule Scotland, alihubiri kwamba chanzo, yaani kifaa kinachosoma muziki, ndicho cha kwanza, kwa kuwa kilichopotea kwenye santuri hakirudishwi na amplifaya wala spika yoyote. Wakati ambapo chanzo kilikuwa sindano, mkono na sahani inayozunguka, alikuwa na hoja nzito. Wapo wanaoendelea kuikariri ilhali chanzo cha kijana ni simu iliyokwisha kulipiwa, na huduma kama Apple Music imekuwa ikitoa muziki usiopunguzwa ubora bila nyongeza ya malipo tangu 2021.

Fedha ziende kwenye spika. Hili halitegemei masikio yangu. Floyd Toole, mtafiti wa sauti, akiwa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada na baadaye Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, aliwasikilizisha watu spika zikiwa zimefichwa, wasione jina wala sura. Walipokosa la kutazama, walielekea kupenda zilezile: zenye sauti iliyo sawia kuanzia masafa ya chini hadi ya juu kwa anayekaa mbele, na isiyobadilika ghafla kwa aliye pembeni. Hiyo ni kazi ya usanifu, na usanifu mzuri unaweza kuingia kwenye sanduku la bei ya chini. Andrew Jones, aliyesanifu spika za chapa ya TAD za bei ya kutisha, ndiye huyohuyo aliyesanifu SP-BS22 za Pioneer na, mwaka 2015, Debut B6 za ELAC, zote zikiwa za mtu anayeanza.

Kwa anayeanza kabisa napendekeza jozi ya spika zenye amplifaya ndani, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya studio ndogo. Nyingi kati ya hizo zina amplifaya mbili katika kila sanduku, moja ya besi na nyingine ya sauti za juu, na mhandisi alizipima zote pamoja kabla hazijatoka kiwandani. Jozi hiyo, simu, na waya mmoja. Hakuna sanduku la tatu.

Kisha kuna chumba, jambo ambalo gazeti lenu huligusa kwa mstari mmoja mwishoni mwa majaribio, na kwa kijana ndilo kubwa kuliko yote. Anaishi katika chumba kimoja chenye kitanda na meza iliyobanwa ukutani. Spika zinakaa mezani, tundu la besi la nyuma likiutazama ukuta kwa karibu. Ukuta unaiongeza besi, meza nayo inarudisha sauti juu. Akicheza wimbo wenye sauti nzito ya mwanamume, maneno yanavimba na kuungana, gitaa la besi linakuwa mngurumo wa noti moja. Anahitimisha kwamba spika ni mbovu kwa sababu ni za bei nafuu, anaanza kuweka akiba ya nyingine, ambazo zitakaa palepale na kuvimba vilevile. Azivute mbele shubiri moja au mbili. Aziinue kwa vitabu mpaka kispika kidogo cha juu kilingane na masikio, azielekeze kwake, apunguze besi kwa swichi iliyo nyuma kama ipo. Maneno yatatengana. Akitaka kuona kwa macho kinachotokea, programu ya kompyuta ya kupima sauti ya chumba, Room EQ Wizard, hupatikana bure, na maikrofoni ya kupimia marafiki kadhaa wanaweza kuchangia moja.

Mwenye jirani ukuta kwa ukuta aanze na hedifoni, na mtu asimwambie kwamba hiyo si hi-fi. Tangu watafiti wa Harman, Sean Olive akiwa mbele, wachapishe katika miaka ya 2010 mwelekeo wa sauti ambao wasikilizaji wengi huupenda kwenye hedifoni, hata watengenezaji wadogo wamepata shabaha ya kulenga. Visikizi vya masikioni vya kampuni za China kama Moondrop vimevipita vingi vya bei ya juu.

Nakubaliana na wanaolalamika mahali pamoja tu: santuri. Beringi, mota, mkono na sindano ni ufundi wa chuma, havishuki bei kama chipu. Zile mashine za santuri zenye umbo la mkoba zinazowavutia vijana mara nyingi hutumia sindano ya kauri inayokandamiza kwa gramu 5 au karibu na hapo, wakati sindano nzuri ya sumaku hutosheka na 2. Santuri inalika. Mwenye kipato kidogo aiache kwanza, hata kama picha zake ni nzuri.

Vifaa vilivyokwisha kutumika navyo ni njia, ila kabla ya kulipia spika za zamani gusa taratibu ukingo unaoizunguka koni ya besi. Kama ni wa sponji na unabaki kwenye kidole kama unga, hesabu gharama ya kuubadilisha. Wa mpira huishi miaka mingi.

Kwenu wahariri nina ombi. Mnapoandika kwamba kifaa ni "kizuri kwa bei yake", kijana anasoma kwamba hakitoshi. Acheni maneno hayo. Chapisheni grafu ya sauti ya spika za bei ya chini kwenye ukurasa uleule na za bei ya juu, kwa kipimo kilekile, na chini yake bei ya jumla ya kila kinachohitajika mpaka muziki utoke, waya ukiwemo.